Diski ya 250GB kwenye Pentium 4 ya XP: skrini ya bluu 0xED na picha za D hazifunguki, kuna kuokoa hapa?

StikaMoro ameandika:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina shida na kompyuta ya dukani, na najua kuna watakaosema niitupe, ila naombeni mnisome mpaka mwisho. Ni Pentium 4, RAM 512MB, Windows XP. Haiwezi kuondoka kwa sababu mashine yetu ya kukata stika inachomekwa kwenye ile poti ya siria ya nyuma na programu yake haitaki Windows nyingine yoyote zaidi ya XP, tumeshajaribu kwenye laptop mpya ikagoma katakata.

Diski ni ya IDE (zile za zamani za kebo bapa pana), 250GB, imegawanywa C ya GB 40 na D ndo yote iliyobaki. C ina Windows na programu ya plota, yaani hiyo mashine ya stika. D ndo maisha yetu, picha za pasipoti za wateja, harusi, kipaimara, dizaini za stika za daladala na bodaboda za miaka yote.

Sasa mwanzoni mwa mwaka ilikuwa nzito mno kwa virusi, fundi mmoja wa hapa mtaani akaja akapiga Windows upya, akafomati C tu, D hakuigusa, nilikuwa nimekaa pembeni yake namwangalia. Ikawa nyepesi tukafurahi. Baada ya hapo ndo vituko vikaanza taratibu. Picha za zamani za baadhi ya harusi zinagoma, jina lipo, ukubwa upo, tarehe ipo, ukibonyeza inakwambia haiwezi kuonyesha. Nyingine kwenye folda hiyohiyo zinafunguka fresh. Cha ajabu picha mpya tunazopiga kila siku zote zinafunguka bila shida. Kijana wangu wa dukani akachukua moja mbovu akaifungua na Notepad, zikaja herufi za ajabu ajabu na katikati yake kuna sentensi ya kizungu "This program cannot be run in DOS mode". Tukajua basi virusi vimerudi vinakula picha, tukaskani, antivirus haikukuta kitu.

Wiki hii tumehamisha picha za mahafali kutoka kwenye memori kadi, kazi kubwa na hela imeshaliwa nusu. Asubuhi yake kuwasha, skrini ya bluu, UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME, chini STOP 0x000000ED na kwenye mabano namba ya pili ni 0xC0000032. Inajirestati inarudi palepale, seifu modi nayo ni hivyohivyo. Fundi anasema diski imekufa ninunue nyingine. Memori kadi zilishafutwa. Diski yenyewe haipigi kelele, haigongi, inazunguka kama siku zote, na UPS tunayo.

Naombeni msaada wenu kabla sijaanza kujificha wateja.

---

Kinyozi wa Windows ameandika:

Mkuu hiyo ndogo sana usijipe presha. Chukua CD ileile ya XP, buti nayo, bonyeza R uingie rikavari konsoli, andika chkdsk /r (inakagua na kurekebisha diski) piga enta, nenda kale urudi. Ikimaliza andika fixboot, kisha exit. ED nimezitibu nyingi kwa njia hiyo. Ikigoma piga Windows juu yake.

---

Pole Pole ameandika:

Toa diski, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka friza usiku mzima, asubuhi chomeka harakaharaka ukopi. Kuna jamaa alifanya ikakubali.

---

binti_terminal ameandika:

Friza hapana jamani. Diski ikitoka kwenye baridi kwa hewa yetu hii inatoa jasho mpaka ndani, maji juu ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Na hiyo ilikuwa kamari ya diski zilizokwama kimitambo, ya huyu inazunguka kama kawaida.

StikaMoro usiiwashe tena hiyo kompyuta ikiwa na hiyo diski, na chkdsk ya hapo juu usiifanye kwanza. Niambie CD aliyotumia fundi ni XP ipi, yaani juu imeandikwa SP2 au SP3 (SP ni Service Pack, masahihisho ya Windows) au haina kitu? Na kabla fundi hajaja, ukienda My Computer propatiz ilikuwa imeandikwa Service Pack ngapi? Halafu kama kuna anayekumbuka, wakati wa kupiga Windows kwenye ile skrini ya bluu ya kuchagua patisheni, diski nzima ilisomeka ina MB ngapi?

Hiyo sentensi ya DOS mode ndani ya picha ya harusi imenikaa kichwani.

---

StikaMoro ameandika:

Asante dada. CD ni nakala, imeandikwa kwa maka peni "XP PRO" basi. Nimempigia fundi anasema XP ni XP. Zamani ilikuwa Service Pack 3, hiyo nina uhakika kwa sababu programu ya plota iliidai tulipoinunua. Baada ya fundi kijana anasema mstari wa Service Pack haukuwepo kabisa, ila hakutilia maanani. Na plota ilikubali tu sababu fundi alirudisha toleo la zamani la programu kutoka kwenye CD yake.

Kuhusu MB, huyu kijana anapiga picha kila kitu na simu yake, kaitafuta kaipata. Kwenye hiyo skrini diski inasomeka 131 elfu na kitu MB. Sasa mimi nauliza, si ni GB 250? Nyingine ilikuwa wapi?

---

Mzee wa Sekta ameandika:

Binti ameshaishika, mimi naongezea maelezo maana wengi humu bado wana mashine hizi za viwandani na za maduka na wataingia shimo hilohilo.

Ndugu yangu StikaMoro, diski yako nina imani kubwa kuwa ni nzima. Kilichokufa ni mpangilio wa C, na aliyeuua ni Windows yenyewe bila kujua. Iko hivi. Diski za IDE za zamani zilikuwa zinaitwa kwa namba ya sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) yenye biti 28. Biti 28 zinakupa sekta 268,435,456, kila sekta baiti 512, jumla baiti 137,438,953,472. Watengeneza diski wanaita hiyo GB 137, Windows kwa hesabu yake ya 1024 inaita GB 128, na ukiigeuza kuwa MB unapata 131,072. Ndo hiyo 131 elfu aliyoipiga picha kijana wako. Baadaye ikaja anwani ya biti 48, kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002, lakini XP ya kwanza ilishatoka Oktoba 2001, haikuwa na habari nayo. Iliwekewa kwenye SP1, Septemba 2002. Windows 2000 ilisubiri SP3 na hata hapo lazima uiwashe mwenyewe kwenye rejista. CD isiyo na SP yoyote ukiiweka kwenye diski kubwa kuliko hapo, unatafuta balaa, na balaa lenyewe haliji siku hiyohiyo, ndo ubaya wake.

Kwa nini haliji siku hiyohiyo? Kwa sababu jedwali la patisheni linasema D inaenda mpaka mwisho wa GB 232, XP ya fundi ikasoma jedwali ikakubali, ikakuonyesha D nzima na folda zako zote. Tatizo linakuja ikitakiwa kufika sekta iliyo juu ya mpaka. Draiva yake ina nafasi ya biti 28 tu, za juu zinakatika, linabaki salio. Fikiria mtu wa posta anayesoma tarakimu tatu za mwisho tu, barua ya nyumba namba 1005 anaipeleka namba 5, haulizi wala harudishi. Kwa hiyo GB ya 128 ya diski yako inakuwa GB ya 0, ya 131 inakuwa ya 3, ya 167 inakuwa ya 39. Na wewe GB 0 mpaka 40 kuna nini? C.

Sasa rudia dalili zako uone zinavyokaa. Picha ya harusi ya zamani, iliandikwa enzi za SP3 mahali pake halisi, tuseme GB 140. XP ya fundi ukiiomba hiyo picha inaenda GB 12, inakuletea kipande cha programu kilichoko C, ndo kijana akakuta ile sentensi, ipo mwanzoni mwa karibu kila programu ya Windows. Virusi hakuna. Picha ya harusi iko palepale GB 140 haijaguswa na mtu. Picha mpya nazo zinafunguka kwa sababu ziliandikwa mahali pasipo pake na zinasomwa kutoka hapohapo pasipo pake, makosa mawili yanayolingana, huoni kitu. Ila kila picha mpya iliyoangukia juu ya mpaka ilikuwa inakanyaga kitu ndani ya C. Mkakanyaga mafaili yasiyotumika, hakuna aliyejua. Halafu mkamwaga mahafali mengi kwa mkupuo mmoja, na XP inapofomati patisheni kubwa huwa inaanzisha MFT, yaani daftari la faili zote, karibu GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni. Kila faili lina rekodi yake humo ya baiti 1024 inayoanza na neno FILE. Wekea picha za wahitimu juu ya rekodi hizo halafu iombe Windows iwake. Hiyo 0xC0000032 maana yake mfumo wa faili umeonekana ila muundo wake umevurugika. Ingekuwa 0xC000014F ningesema haujatambulika kabisa, na kama ingekuwa skrini ya 0x7B ningekutuma kwenye baiosi au kwenye betri ya CMOS kwanza.

Na mna bahati kidogo ambayo hamuijui. Kuanzia GB 168 kwenda juu salio halidondoki tena C, linadondoka ndani ya D yenyewe, na MFT ya D iko kama GB 43, kwa hiyo mngefika GB 171 mngekuwa mnaandika juu ya daftari la D. Hapo ningekupa pole tu.

Kwa hiyo chkdsk kutoka kwenye CD ile usiiguse hata kwa bahati mbaya. Rikavari konsoli ya CD ile inatumia draiva ileile fupi. Itasoma folda iliyoko GB 150 ikakuta takataka za GB 22, itaona folda mbovu, itaifuta kwenye daftari, na masahihisho yake yenyewe itayaandika pengine.

---

Kinyozi wa Windows ameandika:

Mzee nakuheshimu ila chkdsk /r imenitoa sana, sio kwamba nabuni. Kwa hiyo tuseme ni mbaya?

---

Mzee wa Sekta ameandika:

Sio mbaya Kinyozi, na diski ulizotibu wewe bila shaka zilikuwa 40, 80, 120, huko haina neno, mradi hazina sekta zinazokufa. Ila tukumbuke imeajiriwa kwa kazi gani. Kazi yake ni kuifanya volyum (patisheni yenye mafaili) ijikubali yenyewe, daftari lilingane na folda, folda zilingane na ramani ya nafasi. Rekodi isiyoeleweka inafutwa, kipande kisicho na mwenyewe kinatupwa FOUND.000 kwa jina la FILE0000.CHK, na ikimaliza inajisifu kwamba diski ni safi. Picha za mteja hazimo kwenye majukumu yake. Kwa hiyo kama kuna kitu unakihitaji na huna nakala, kopi diski nzima kwanza kisha chkdsk ifanye inavyotaka.

Na /r kwenye diski yenye sekta zinazokufa ni kuimalizia mgonjwa, inasoma kila klasta (fungu la sekta) ya patisheni nzima kichwa kikiwa tayari kinahema.

---

Bahari Kompyuta ameandika:

Salaam kutoka Mombasa. Diagnosisi ya Mzee imekaa sawa kabisa, mimi naongeza la adapta maana hapo ndo watu huumia. Utanunua ile adapta ya IDE kwenda USB, hakikisha inakuja na powa yake, diski ya inchi 3.5 yataka volti 12 na USB haina hiyo. Jampa ya diski iweke Masta. Halafu ukishachomeka kwenye laptop, kabla ya kingine chochote, tazama ukubwa wa diski inaosema. Adapta za zamani na makasha ya zamani mengine nayo yana chipu ya biti 28, nayo itakuonyesha GB 137 na itakudanganya vilevile alivyokudanganya yule fundi. Ikisema 137 rudisha dukani.

Na kama kuna mwingine anasoma hapa ana ED lakini diski yake ni ndogo ya 80, aangalie kebo. Ile bapa ya nyaya 40 badala ya 80 kwenye UDMA ya juu, yaani mwendo wa kasi wa IDE, inaleta ED hiyohiyo, na kwenye SMART (kumbukumbu ya afya ya diski yenyewe) utaona C7, makosa ya kebo, inapanda. Zote zina pini 40 kwa hiyo usihesabu pini, tazama unene wa nyaya, ya 80 nyuzi zake ni nyembamba sana.

---

StikaMoro ameandika:

Wakuu nimesoma mara kadhaa na jasho limenitoka ila limenitoka vizuri. Laptop ninayo, Windows 10. Naanzia wapi, nichomeke tu nikopi D?

---

binti_terminal ameandika:

Ungeweza, ila mimi ningekushauri usiingize mkono wa Windows yoyote mwanzoni. Windows 10 ikiona volyum yenye alama ya uchafu (kwamba haikufungwa vizuri) itakuomba ikuskanie na kurekebisha, na kwa C itakuambia haijafomatiwa unataka kufomati. Kidole kikiteleza hapo basi. Na hata ukikataa vyote bado inaandikaandika vitu vyake kwenye D.

Tengeneza flashi ya Linux, SystemRescue au Ubuntu ya kawaida, washa laptop nayo. Usijaribu kuiwasha Pentium 4 kwa flashi hiyo, RAM 512 haitoshi Ubuntu za sasa na baiosi nyingi za umri huo haziwezi kubuti kwa USB hata kidogo. Na poti zake zikiwa USB 1.1, kwa GB 250 utakaa siku tatu unaangalia namba.

Uwe na eksteno (diski ya nje) yenye nafasi zaidi ya GB 250, iwe imefomatiwa NTFS au ext4, FAT32 hapana kwa sababu haibebi faili linalozidi GB 4 na sisi tunatengeneza faili moja la GB 250. Andika lsblk uone diski ipi ni ipi, soma mara mbili, hapa ndo watu wanakopi diski tupu juu ya iliyojaa. Halafu smartctl -a kwenye diski ya zamani, utazame 05 na C5 (kwenye smartctl zinaandikwa 5 na 197), hizo ni sekta zilizokufa na zinazoelekea kufa. Zikiwa sifuri twende, amri hii inakopi diski nzima kuwa faili moja:

ddrescue -d /dev/sdb /mnt/eksteno/duka.img /mnt/eksteno/duka.map

sdb hapo weka ya kwako. Ile .map usiiache, umeme ukikatika unarudia amri ileile na inaendelea pale ilipoishia. Kwa USB 2.0 ni kama masaa mawili mpaka matatu. Baada ya hapo diski ya kweli chomoa weka kabatini, kazi yote inafanyika kwenye img.

losetup -r -P -f --show duka.img

Hiyo inaifanya img ionekane kama diski. Itakutajia jina, mfano loop0. D iliyotengenezwa na XP mara nyingi inakuwa patisheni ya 5 maana iko ndani ya extended (patisheni inayobeba nyingine), kwa hiyo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop0p5 /mnt/d kisha kopi. Hiyo ro na ile -r ya juu ni kusoma tu, hata ukikosea hakuna kinachoandikwa.

---

Mzee wa Sekta ameandika:

Na ujiandae kisaikolojia, kitakachotokea ni kinyume cha ulichozoea. Harusi zilizokuwa zinagoma zitafunguka. Mahafali yatagoma.

Usipige kelele ukiona hivyo. Daftari la D linasema picha ya mhitimu iko GB 131, Linux inaenda GB 131 ya kweli, huko kuna takataka za zamani au hakuna kitu, kwa sababu XP ya fundi iliiandika GB 3. Picha iko ndani ya eneo la C.

---

StikaMoro ameandika:

Wakuu mrejesho. Adapta ya kwanza niliyouziwa ilisoma 137 kweli kama alivyosema mtu wa Mombasa, nikairudisha wakanibadilishia kwa kuongeza hela kidogo. Ya pili imesoma 250. SMART 05 sifuri, C5 sifuri. ddrescue imeenda mpaka mwisho bila hitilafu hata moja, kijana alikaa nayo kama mtu anayeangalia mpira.

D imefunguka. Harusi zote zipo!! Yule bibi harusi wa Kilosa aliyekuwa ananipigia simu kila Jumapili nimemtumia picha zake zote usiku huohuo. Mahafali ni kama alivyosema Mzee, folda lipo, majina yapo, yale ya mwanzo mwanzo yanafunguka halafu kuanzia katikati hakuna, moja inafunguka nusu ya juu tu, kichwa cha mtoto na joho, chini kijivu.

Sasa hayo yaliyo ndani ya C nayatoaje?

---

Mzee wa Sekta ameandika:

Yale ya mwanzo yalipata nafasi chini ya mpaka ndo maana yamepona. Hiyo ya nusu imekaa juu ya mpaka wenyewe au imegawanyika vipande viwili.

Kwa yaliyobaki tumia PhotoRec, inakuja pamoja na TestDisk, ni bure. Yenyewe haijali daftari, inapita sekta kwa sekta ikitafuta mwanzo wa JPEG, baiti FF D8 FF, inafuata mpaka mwisho wa picha na kuitoa. Iambie ifanye kazi kwenye duka.img, uchague patisheni ya kwanza tu, yaani C, na aina za faili uzime zote ubaki na jpg, la sivyo utaletewa kila ikoni na kila faili la mfumo. Chagua kuskani patisheni nzima, sio nafasi tupu tu, kwa sababu ramani ya C haiaminiki tena. Mahali pa kuhifadhi iwe eksteno.

Majina utayapoteza, zitakuja f na namba ndefu. Ila kamera huwa inaandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo panga kwa tarehe ya kupigwa na zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa sherehe. Zitakuja na picha ndogondogo za Windows na za intaneti, futa zote zilizo chini ya MB 1 kwa kuanzia.

Kuna njia ya kuyarudisha na majina yake, unachukua namba za klasta kutoka kwenye daftari la D, unageuza kuwa sekta za diski, unatoa 268,435,456, unasoma hapo. Ni skripti ya mistari michache, kama PhotoRec ikikuangusha binti atakuandikia, mimi macho yangu siku hizi hayataki.

---

binti_terminal ameandika:

Mzee ananitupia mpira haha. Niko tayari, ila jaribu PhotoRec kwanza, picha zilizomwagwa kwa mkupuo mmoja kwa kawaida zinakuwa zimelala mfululizo, zitatoka.

---

StikaMoro ameandika:

Zimetoka. Sio zote, kuna kama foleni moja ya wazazi haipo na chache zina mistari, ila wahitimu wote na meza kuu wapo. Mwenye shule hatagundua na mimi sitamwambia. Yale ya C niliyokuwa nayo desktopu, madeni ya wateja kwenye Excel, basi hayo nimeyapoteza, wenye kudaiwa wamepata msamaha.

Sasa ya mwisho. Nataka plota irudi kazini. Nirudishie C kwenye diski hiihii au?

---

Kinyozi wa Windows ameandika:

Mkuu mimi nina IDE ya 80GB nzima kabisa nakuuzia bei ya kirafiki, na CD ya XP SP3 orijino. Baada ya uzi huu nimeanza kuzisoma CD zangu zote, mbili nimezivunja.

---

Mzee wa Sekta ameandika:

Chukua hiyo 80. Kwa mashine ya plota diski iliyo chini ya 137 ndo salama yako, hata akija fundi mwingine na CD yake ya maka peni hawezi kukuumiza kwa njia hii. Weka Windows na programu ya plota tu humo. Picha zisikae tena kwenye XP, zikae kwenye laptop na eksteno, dizaini unahamisha kwa flashi ukitaka kukata. Na intaneti uikate kabisa, XP haijapata masahihisho ya kawaida tangu Aprili 2014.

Ile 250 usiifute mpaka ufungue picha kwa macho, sio kuhesabu folda. Ukishaifuta ni diski nzima, itumie kama bakapu ya pili kupitia ile adapta iliyosoma 250.

Kabla hujaanza angalia na tarehe ya baiosi, ikiwa imerudi nyuma miaka badilisha betri, CR2032 inauzwa mpaka kwa wauza saa. Na uandike pembeni mipangilio ya COM1 ya plota, maana Windows mpya itarudi na yake na plota itakaa kimya mtaanza kulaumu kebo.

---

StikaMoro ameandika:

COM1 ipo imeandikwa nyuma ya monita na kalamu, 9600, 8, hakuna pariti, 1. Kinyozi naomba namba yako inboksi.